Uji wetu mbona hauonekani mtandaoni?

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Manyoni, Singida, msomaji wako wa siku nyingi ingawa gazeti huku linafika limeshachoka. Leo siandiki kuhusu mishahara wala kupandishwa madaraja, hilo wenzangu wameshaliandika mpaka wino umeisha. Naandika kuhusu uji, na kuhusu kutafuta tafiti za elimu kwenye mitandao. Vumilia kidogo, vitu hivi viwili vinakutana huko mbele.

Ilianza kwenye mkutano wa wazazi, mwezi wa saba, watu wameshavuna. Mkuu wa shule akasimama akatangaza kila mzazi alete debe moja la mtama au mahindi na elfu moja ya mpishi ili watoto wanywe uji saa nne. Kelele zikaanza hapo hapo, si mnasema elimu bure, si mnasema elimu bure, swali ambalo tunalijibu tangu 2016 na halijawahi kuisha. Sasa katikati ya kelele akanyanyuka mzee mmoja mwenye wajukuu watatu pale shuleni, mzee mpole tu, akaniangalia mimi maana ndo niliyeshika daftari la lishe, akasema, "Madamu, debe mi ninalo, tena la mtama mzuri. Nionyeshe tu palipoandikwa kwamba mtoto akinywa uji anafaulu. Maana sisi hapa tulisoma na njaa na kuhesabu tunajua." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Na mimi, miaka kumi na minne ya ualimu, diploma ukutani, sikuwa na jibu. Nikasema mzee nipe wiki mbili nitakuletea.

Jioni nikachukua kile kishkwambi tulichogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022, nikanunua bando la elfu mbili, nikakaa. Nikaingia Google Scholar, ile sehemu ya Google inayotafuta maandiko ya kitaaluma tu, nikaandika kwa Kiswahili changu safi: uji shuleni. Mhariri, yakaja maandiko mengi mpaka nikafurahi. Kufungua la kwanza, lugha siielewi. La pili hivyo hivyo. La tatu lina neno uji kwenye kichwa cha habari na ndani kuna picha ya maabara. Nilihangaika karibu nusu saa ndo nikajua kwamba kwa Kiindonesia "uji" maana yake ni jaribio au kipimo, na wenzetu wale wanaandika tafiti kwa lugha yao kwa wingi kiasi kwamba uji wa Manyoni umefukiwa kabisa chini ya uji wao. Nikacheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka, maana nilifikiria: mwalimu wa Indonesia akiandika neno la kwao anapata tafiti za kwao, mi nikiandika neno la kwetu napata tafiti za Indonesia!

Kesho yake nikampigia mtoto wa dada yangu, yuko chuo anasomea ualimu, akaniambia, "Mama mdogo, huko utapotea, nenda ERIC." Nikamuuliza ERIC ndo nani, akacheka sana. Kumbe ni kanzidata, yaani ghala la mtandaoni la kumbukumbu za maandiko, ya Wamarekani ya mambo ya elimu tu, ipo tangu 1964, iko chini ya Wizara yao ya Elimu, na kutafuta ni bure kwa yeyote mwenye intaneti, hata huku Manyoni. Ina rekodi zaidi ya milioni moja na nusu. Zinazoanza na EJ ni makala za majarida, zinazoanza na ED ni ripoti na maandiko mengine, na chini ya kisanduku cha kutafutia kuna kijisehemu cha kuweka tiki ili yaje yale tu ambayo andiko zima limo humo humo. Hiyo tiki nawashauri walimu wenzangu muiweke mapema kabla hamjavunjika moyo, mi nimeijua baada ya bando la pili.

Nikaanza kwa kujaribu, nikaandika kitu ninachokijua vizuri: KKK. Kusoma, Kuandika, Kuhesabu, ambayo darasa la kwanza na la pili ndo uhai wetu tangu mtaala ule wa 2015. Unajua nilipata nini? Ku Klux Klan, wale wabaguzi wa Marekani wanaovaa kofia ndefu nyeupe za kuchongoka, kumbe kifupi chao nao ni KKK. Namna ya kufundisha wanafunzi historia yao, sheria za kuwadhibiti, mambo kama hayo. Nikafunga haraka kama mtu aliyefungua mlango wa choo chenye mtu.

Nikaenda kwenye jambo langu lenyewe. Kijana akaniambia mama mdogo usiandike porridge, andika "school feeding". Nikapata vitu kidogo. Halafu kwa bahati nikabonyeza moja ya yale maneno wanayoyabandika chini ya kila andiko ili kulipanga kwenye makundi, na hapo ndo macho yakafunguka. Kumbe ERIC wana orodha yao maalum ya maneno, kila andiko linabandikwa maneno ya orodha hiyo, na uji wetu kwenye orodha hiyo hauitwi uji wala school feeding, unaitwa "Lunch Programs", ukiwa wa asubuhi unaitwa "Breakfast Programs". Mlundikano wa wanafunzi darasani unaitwa "Class Size" au "Teacher Student Ratio". Na utoro, neno moja tu ambalo kila mzazi wa Tanzania analielewa, kule limegawanywa vipande vitatu: asiyekuja makusudi ni jina moja, mahudhurio kwa ujumla jina jingine, aliyeacha kabisa jina la tatu, na usipojua kipande chako unarudi mikono mitupu ukadhani duniani hakuna aliyewahi kuchunguza utoro. Halafu kuna kubwa kuliko, tafiti zote zilizofanyika Tanzania, Kenya, popote nje ya Marekani, zinabandikwa neno "Foreign Countries". Yaani mwalimu wa Singida ili apate habari za mtoto wa Singida inabidi atafute kwenye kapu la nchi za kigeni. Siwalaumu lakini, kanzidata ni yao, wameijenga kwa kodi zao, na tena wametuachia tuingie bure. Mwaka 2025 serikali yao ilipokata fedha za utafiti wa elimu hata ERIC ikaguswa, majarida inayoyaingiza yakapunguzwa, ndo nikajiuliza siku wakifunga kabisa sisi tutatafutia wapi.

Tunapo pa kwetu kidogo. Ipo AJOL, tovuti ya majarida ya kitaaluma inayoendeshwa kutoka Afrika Kusini, ilianza 1998, humo yamo mamia ya majarida ya Afrika pamoja na ya kwetu. Zipo hifadhi za vyuo vyetu za tasnifu, yale maandiko ya utafiti ya wanafunzi wa shahada. Upo mpango wa Research4Life wa kufungulia nchi maskini majarida ya kitaaluma, ambao Tanzania imo kwenye kundi la nchi ambazo taasisi zake zinaingia bila kulipa, lakini angalia hilo neno taasisi, ni chuo, ni hospitali, ni kituo cha utafiti, kwa hiyo kijana wangu wa mwaka wa pili anaingia na paswedi ya chuo na mimi ninayefundisha watoto mia na kumi kwenye chumba kimoja nabaki mlangoni. Na Taasisi ya Elimu wana maktaba mtandao nzuri tu, ila ile ni ya vitabu vya kiada, utafiti humo sikuuona.

Siku ya nne nikaona kichwa cha habari cha makala moja kinachofanana kabisa na swali la mzee. Nikabonyeza. Wakaniambia lipia dola 42. Nikapiga hesabu, ni zaidi ya laki moja ya kwetu, kwa kurasa kumi na tano. Debe ngapi za mtama hizo?

Na kabla sijasahau, mwalimu mwenzangu mmoja akaniambia madamu unajitesa, uliza akili mnemba. Nikamwachia simu yake aulize. Ikajibu fasta, Kiswahili kizuri kabisa, ikatoa tafiti nne zenye majina ya watafiti, miaka, namba za kurasa, moja eti ilifanyika Dodoma. Nikashangilia. Nikazitafuta ERIC, hazipo, nikatafuta AJOL, hazipo, nikaenda kwenye jarida lenyewe nikafungua toleo la mwaka huo, ukurasa uliotajwa una makala ya mtu mwingine kuhusu kitu kingine. Zote nne hewa. Fikiria ningesimama mbele ya wazazi na karatasi ile, halafu mtoto wa mtu yuko chuo akaangalia kwenye simu pale pale.

Nilichokuja kupata, na nilipata bure, ni hiki. Kwanza utafiti wa Busia na Teso, magharibi ya Kenya, wa Christel Vermeersch na Michael Kremer, huyu Kremer ndo aliyekuja kupata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na wenzake wawili. Upo kwenye tovuti ya Benki ya Dunia bila malipo. Walichukua shule za chekechea 50, 25 zikapewa kifungua kinywa cha bure na 25 hazikupewa, wakalinganisha. Penye chakula mahudhurio yalizidi kwa asilimia 30 hivi. Mpaka hapo nikasema mzee nimekupata! Ila nikaendelea kusoma, na kusoma kwangu ni kwa kamusi pembeni, nikakuta mambo mengine ambayo kiukweli nilitamani yasiwepo. Alama za mitihani zilipanda tu kwenye shule zile ambazo mwalimu tayari alikuwa na uzoefu. Kwingine watoto walikuja wengi, wakala, na alama zikabaki pale pale. Tena chakula kilikula muda wa vipindi, madarasa yakajaa zaidi, na shule zilizopewa chakula zikaongeza ada.

Wa pili ni wa Embu, Kenya vilevile, shule 12, ulianza 1998. Watoto wa darasa la kwanza walipewa githeri, yaani makande, wengine yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine yenye mafuta ya kuongeza nguvu, na wengine hawakupewa kitu. Waliokula nyama ndo waliofanya vizuri zaidi kwenye kile kipimo cha kufikiri kwa kutumia maumbo. Kwa hiyo sio tu kwamba mtoto kala, ni kala nini. Uji mtupu wa mahindi yaliyokobolewa hauwezi kulingana na wa mtama wenye karanga, na hilo nadhani bibi zetu walilijua bila kompyuta.

Sasa Mhariri nije kwenye kilio changu. Hizi tafiti zipo. Na za kwetu zipo. Kuna ule wa shule 350 kwenye wilaya 10 za hapa hapa Tanzania, ambapo shule nyingine zilipewa ruzuku, nyingine walimu wakapewa motisha kwa matokeo ya watoto, nyingine vyote viwili, na ikaonekana ruzuku peke yake haikusogeza alama lakini vikiunganishwa zinapanda. Ulitoka 2019 kwenye jarida kubwa la uchumi linalohaririwa Harvard. Mi ni mwalimu wa nchi hii na nimeujua kwa kupotea njia nikitafuta uji! Shirika la Twaweza waliohusika nao nawapa heko, wao machapisho yao mengi huwa wanayatoa na Kiswahili, ndo maana nasema inawezekana. Tatizo ni wengine wote. Kila mwaka wanakuja shuleni vijana wa shahada ya pili na madodoso, tunasimamisha vipindi, mkuu anahojiwa kwa Kiswahili, wazazi wanahojiwa kwa Kiswahili, mpishi anahojiwa kwa Kiswahili tena kwa Kinyaturu akikwama, wanapiga picha masufuria, wanaaga. Halafu yote yanageuzwa Kiingereza yanakwenda kufungiwa mahali. Labda humo ndani sisi ni "Shule A" au "Shule C", sijui, hakuna aliyewahi kurudi hata na karatasi moja.

Ninachoomba ni kidogo sana. Vyuo vyetu vinavyotoa shahada za elimu vimtake kila mwanafunzi aweke kwenye tasnifu yake ikisiri, yaani muhtasari wa utafiti, ya Kiswahili, ukurasa mmoja tu, na chini yake maneno ya msingi ya Kiswahili, yale tunayoyatumia sisi: uji, utoro, mlundikano, viboko, KKK, mimba za utotoni, ufaulu. Basi. Majarida yetu ya elimu nayo yafanye hivyo. Wala sisemi tasnifu nzima itafsiriwe, najua kazi yake na najua gharama. Ukurasa mmoja. Majarida ya Kiswahili yanaweka ikisiri siku zote, mengine kwa lugha mbili, mbona hayajafa? Na mashine ya kutafutia haina akili ya kujua kwamba utoro ni "truancy", inatafuta herufi ulizoandika, kwa hiyo kama neno utoro halimo popote kwenye rekodi, hata utafiti uwe umefanyika kwenye darasa langu mimi sitauona.

Najua watasema mwalimu jifunze Kiingereza. Kiingereza ninakisoma, taratibu lakini ninakisoma, hiyo Busia nimeisoma yote. Tabu haikuwa kusoma. Tabu ilikuwa kubahatisha mtu wa Washington aliyeweka neno kwenye orodha alikiitaje kile kitu ambacho mi nakipika kila siku saa nne. Na hata nikijua mimi, vipi yule mzee? Debe ni lake, mjukuu ni wake, swali ni lake. Kila Julai 7 tunavaa vitenge tunaimba Siku ya Kiswahili Duniani, vizuri, mi mwenyewe huwa nawafundisha watoto ngonjera. Ila lugha ya kuimbia bila lugha ya kutafutia maarifa, hapo sijui tunasherehekea nini.

Kitu kingine kidogo. Sisi walimu tuna MEWAKA, yale mafunzo endelevu kazini, tunakaa kwenye jumuiya zetu za ujifunzaji shuleni tunajadili. Mara nyingi tunajadili tunayoyajua tayari, ndo ukweli. Tungekuwa na ikisiri moja ya Kiswahili kila wiki ya kubishania, nakuhakikishia hata wale wanaokujaga na simu chini ya meza wangenyanyua kichwa.

Wiki mbili ziliisha, mkutano ukaitwa. Nilikuwa nimeandika yote kwenye daftari la kaunta kwa Kiswahili, kurasa saba, nikasimama nikasoma. Nilifikiria sana kama niiache ile sehemu ya alama kutopanda. Nikaona hapana, mzee aliomba palipoandikwa, hakuomba palipoandikwa pa kunipendeza. Nikasoma yote. Kimya. Mzee akanyanyua mkono akasema, "Kwa hiyo madamu, kwa maelezo ya hao wa Busia, uji unamleta mtoto, ila kufaulu ni nyie walimu." Ukumbi ulilipuka. Mkuu wa shule alitamani kuingia chini ya meza. Nikasema ndiyo mzee, ndivyo walivyoandika.

Debe wamekubali, sio wote, ila wengi, na wakakubaliana iwe mtama na karanga badala ya mahindi. Na sisi kwa upande wetu tumebadilisha, mpishi sasa anaanza saa kumi na moja alfajiri ili uji uwe tayari kengele ya saa nne ikilia, na watoto wanapanga foleni mbili badala ya moja, maana zamani foleni ilikuwa inakula nusu kipindi cha hisabati na hakuna aliyehesabu hasara hiyo mpaka tulipoisoma ya wenzetu.

Mzee alinifuata baada ya mkutano akaniuliza kama anaweza kuipata hiyo karatasi ya Busia aisome mwenyewe taratibu nyumbani. Nikamwambia mzee ile ni ya Kiingereza. Akasema basi nipe hilo daftari. Nikampa. Ni wiki ya tatu sasa hajalirudisha, na nasikia limeshafika kitongoji cha pili.

Mwalimu wa darasa la pili,
Manyoni, Singida
(Jina langu naomba lihifadhiwe)